Sauti ya Baba Tunu

Siku hizi kijana mjumbe katika mkutano wa mataifa husema kwa sauti ya marehemu wa kwao, na sauti hiyo humkaa kooni mwaka mzima. Tunu wa Kilosa alivishwa ya baba yake, aliyechukuliwa na mafuriko. Mama yake, Bi Mwanaidi, alimwona kwenye runinga akiwakemea wakubwa mpaka ukumbi ukasimama, akapiga vigelegele.

"Kachukua hata kikohozi cha marehemu!" jirani akatania.

Juma lililofuata Tunu alirudi, akaita mlangoni, "Mama!"

"Abee, baba Tunu!"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

Bi Mwanaidi alimkumbatia kwa fahari, ila marahaba haikumtoka. Tangu lini mume akampa mkewe shikamoo?