Kijiko Chekundu

Mwanakheri alikuwa fundi wa treni ndogo za kupamba makabati ya watu. Alasiri hiyo alichanganya thina, kile kimiminika kikali cha kuzimulia rangi, na rangi nyekundu inayopitisha mwanga kama kioo, akapulizia taa za behewa la mwisho. Rangi iliyobaki akaihifadhi kwenye chupa tupu ya dawa ya kikohozi, kwa kuwa kifuniko chake hufunga sawasawa. Kisha akatoka uani kuosha bomba la kupulizia.

Aliporudi, chupa haikuwa mezani. Ilikuwa mkononi mwa baba yake, Mzee Shebwana, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia kwa uzee. Kijiko alichoshika kilikuwa chekundu.

"Baba! Umekunywa?"

"Nimeonja, nikatema. Dawa gani hii, mwanangu? Inachoma."

"Umetema wapi?"

"Nimesema nimetema," alijibu mzee, akakohoa.

Mwanakheri alipiga kelele kumwita jirani mwenye gari. Kisha akapiga magoti, akatafuta sakafuni, chini ya kitanda, ndani ya beseni, akitafuta rangi aliyoitema. Maisha yake yote hakuwahi kutamani kuona uchafu nyumbani mwake kama siku ile.

Gari likanguruma nje. "Mlete upesi!" jirani aliita.

Akamwinua baba yake, na hapo ndipo alipoliona, kwenye ukingo wa dirisha: doa jekundu, bado bichi. Akaweka kidole juu yake, akijaribu kukisia kama lingejaza kijiko, au kama nyingine ilikuwa imeshuka tumboni.