Mwambie Ageuze Waya

"Mwambie hicho kifaa hakisemi kitu," alisema Kitheka, akiwa amempa mgongo Mama Kasiva aliyesimama pale pale nyuma yake.

Farhiya, mwenye duka, akamgeukia yule mama. "Anasema takataka yako ni bubu." Alikuwa amechoka kutumwa kama mtoto, kwa hivyo sasa kila ujumbe aliutia pilipili.

Mama Kasiva hakuinua macho. "Mwambie changu kinatuma. Labda huko ndiko hakusikiki."

"Anasema wewe ndio kiziwi."

Kitheka akaandika tena kwenye kompyuta yake ndogo ya Linux. Kioo kikabaki kitupu.

Ndani ya ndoo, barafu ilikuwa karibu kuisha. Chanjo zote za mbuzi alizoagiza Farhiya tangu ahamie Tseikuru kutoka Garissa zilikuwa humo. Friji jipya lilikuwa limekaa tu. Kifaa alichounda Mama Kasiva kilipaswa kusoma joto la ndani na kupeleka namba kwa kompyuta ya Kitheka, ndipo kompyuta iwashe friji. Bila namba, hakuna baridi. Bila baridi, chanjo ni maji tu.

Na hawa wawili walikuwa maadui. Tangu asubuhi hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Mama Kasiva akiingia, Kitheka anatoka kwa mlango wa nyuma. Chai ilipokuja, alibeba kikombe chake akaenda kunywea juani. Hata bisibisi hakumpa mkononi. Aliiweka kwenye kaunta, akarudi nyuma, ndipo mama akaichukua. Na simu! Wote walizichungulia kila saa, kama watu wenye shughuli muhimu kwingine.

Ajabu ni kwamba Mama Kasiva mwenyewe ndiye aliyemleta Kitheka. "Kuna fundi wa kompyuta huko Kilungu," alikuwa amesema. "Anajua kazi." Jina lake hakulitaja.

Farhiya akapiga kaunta. "Nisikilizeni. Chuki ya namna hii sijaiona. Kama mlikosana, mlikosana kwenu, si juu ya mbuzi za watu. Hii kitu inataka nini?"

"Waya wa kutuma wa huku uingie kwa wa kupokea wa kule," Kitheka aliuambia ukuta. "Lazima zipishane. Na mimi nimeshazigeuza."

Mama Kasiva akashtuka. "Muulize amezigeuza wapi. Mimi nilizigeuza jana, ndani ya kasha."

Farhiya akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Kwa hivyo mmegeuza nyote wawili," Farhiya alisema polepole. "Zimerudi pale pale. Yote kwa sababu hamwezi kuulizana swali moja."

Kitheka akarudisha zake. Namba zikaanza kuteremka kwenye kioo. Friji likanguruma.

"Haya, bebeni vitu vyenu mwende," Farhiya alisema akipanga chupa za chanjo. "Mmoja mmoja, msije mkaumana mlangoni."

Simu ya Kitheka ikalia. Alisikiliza macho chini, kisha akamgeukia Farhiya.

"Mwambie," alisema, "Kasiva amejifungua salama. Ni msichana tena, na huyu ataitwa jina lake yeye."

Farhiya aligeuka. Mama Kasiva alikuwa tayari analia ndani ya leso, na mkwewe bado amempa mgongo kwa heshima, kama mila yao inavyotaka.