Mlinzi wa Boti

Kaka yake alisahau kuzima maikrofoni.

Msusi alikuwa amesimama kwenye boti yao ndani ya gemu, akifukuza papa kwa mkuki, huku kaka mtu akipekua meli iliyozama. Ndivyo walivyocheza siku zote: kaka anazamia, dada analinda boti, kisha wanagawana. Mara akamsikia akimwambia rafiki yake:

"Huyo? Nikimpa misumari na kamba ameridhika. Dhahabu yote nakuwekea wewe."

Damu ikamchemka. Kumbe miezi yote ile alikuwa anafanywa bwege!

Kidole chake, chenye kucha iliyopauka kwa dawa za nywele, kikatua kwenye kitufe cha injini.

"Dada, begi limejaa, hewa inaniishia. Sogeza boti!"

Akaisogeza. Akaisogeza mpaka papa wote wakabaki kule kule, juu ya ile meli.

"Dada! Boti iko wapi?" Sasa sauti ilipenya hedifoni na ukuta kwa pamoja. Chumba cha pili, kiti kikaanguka.

"Muulize mwenye dhahabu yake," akasema, akazima maikrofoni.