Kigari cha Sungura na Picha za Mheshimiwa

Hapo kale, na kale yenyewe ni juzi tu, Sungura alipooza miguu ya nyuma, akawa hafiki malishoni ila abebwe. Mheshimiwa Fisi akamletea kigari cha magurudumu mawili mbele ya umati. Sungura akafungwa mikanda kiunoni, akajivuta kwa miguu ya mbele, akatembea. Vigelegele vikapigwa, picha zikapigwa, hotuba ikapigwa mpaka watoto wakasinzia.

Ilipoisha, Kima, msaidizi wa Fisi, akainama na kushika mkanda.

"Unafanya nini, bro?" Sungura akauliza.

"Nakifungua. Saa nane tunakabidhi ng'ambo ya mto."

"Mnakabidhi nini?"

"Hiki hiki. Kipo kimoja."

"Uko siriasi? Na mimi je?"

"Wewe picha umetoka poa. Tulia."

Sungura akamng'ata Kima kidole, akateremka na kigari chake mbio kuelekea malishoni.

Fisi akafumbua mdomo afoke, akaona kamera bado zinamtazama. Ikabidi atabasamu, apige makofi mpaka kigari kikapotelea nyasini.