Kongoni na Mlinzi wa Bure

Zama wanyama walipokuwa wakiajiriana, Kongoni alikuwa na ndama mmoja na hofu ya chui. Chiriku akamwendea.

"Shangazi, nipe nafasi juu ya pembe zako nikulindie mtoto. Sitaki malipo."

Tangu siku hiyo Kongoni hakusikia hata upepo. "Asali ya Nyegere, tamu! Chumvi ya Tembo, wahi!" Chiriku alipayuka kutwa, akiwanadia waliomlipa. Chui aliponyata, Kongoni alishtuka mguu wa ndama umeshakwaruzwa. Waliponea chupuchupu, na Chiriku bado anamnadia Nyegere.

Kongoni akamtikisa. Chiriku akaruka, akarudi akicheka. "Utanizoea tu, Shangazi!"

Mwingine angetikisa kichwa mpaka shingo imuume. Kongoni alijiuliza: ndege huyu anafuata nini kichwani kwangu? Akaenda mtoni, akajitazama majini, akaona kiota kati ya pembe. Alikisugua kwenye mgunga mpaka kijiti cha mwisho kikaanguka.

Chiriku akarudi, akakuta pembe tupu zinateleza, akakosa pa kutua. "Sasa nani atakulinda?"

"Hebu nyamaza," alisema Kongoni, masikio yamesimama.

Majani yalichakacha nyuma yao. Akamsukuma ndama mbele, wakatimka, chui akaambulia vumbi.