Mahogani ya Darini

Kyule, fundi wa magitaa, alipenya katikati ya waombolezaji mpaka kwenye jeneza, akainamisha kichwa kuomba, na papo hapo akazijua zile mbao.

Ndizo zenyewe. Mahogani iliyobanduliwa kwenye behewa la zamani la reli, ambayo siku hizi huipati hata kwa dawa, mistari yake ikipinda kama moshi wa sigara. Marehemu alimwahidi tangu mwaka wa tisini na tatu: zilinyeshewa, zikishakauka kule darini, ni zako, utengeneze gitaa ambalo Kaloleni haijawahi kusikia. Miaka mitatu Kyule amesubiri.

Kidole kikamponyoka, kikagonga mfuniko. Mlio ukatoka mzito, mtamu, ukakaa hewani mpaka akina mama wakaacha kuimba.

“Wee Kyule,” shemeji wa marehemu akamtupia, “unampigia maiti hodi?”

Vicheko vikazimwa kwenye leso.

“Mama, hizi mbao mlizitoa wapi?” Kyule akamuuliza mjane.

“Si zake mwenyewe! Zilikuwa darini zinakula vumbi tu,” mjane akajibu kwa fahari. “Nikasema mzee wangu hazikwi na mbao za kuokota. Si ni nzuri, fundi?”

Kyule akautazama umati, kisha mfuniko.

“Ni nzuri, mama.”

“Haya, tusaidie. Gari la kwenda kuzika nyumbani linangoja, na mfuniko umelegea.” Akamtia nyundo mkononi, na mkebe wa misumari.

Kyule akapiga magoti, akaimwaga yote chini, akaanza kutafuta ule mwembamba kuliko yote.