Bado Hatujapiga

Niliwaeleza vizuri kwamba kamera hii ya video ya parokia si ya studio. Inachukua mtu akitembea, akiimba, akilima. Akina mama wa Mboghoni wakaitikia wote.

Asubuhi walikuja wamejifunga vitambaa vya kanisani kichwani, wakajipanga kwenye ukingo wa mfereji unaonywesha migomba yetu. Mikono mapajani, macho mbele.

“Songeni basi! Imbeni!” nilipiga kelele.

Hakuna aliyesonga. Ukitikisika, picha inaharibika. Mpiga picha wa Taveta aliwafundisha hivyo tangu wakiwa wasichana.

Tingatinga la tajiri wa shamba la juu likatokea, limekuja kuufukia mfereji ili maji yabaki kwake. Dereva alipiga honi, akazidi kusogea mpaka moshi ukawafika usoni. Nzi alitua shavuni kwa Mama Tryphena, akatembea hadi pembe ya mdomo. Hakumfukuza.

Dereva akafunga breki. Aliwatazama, akanitazama na kamera yangu begani, akazima injini. Ndipo tukasikia maji yakipita.

“Wamama, tokeni hapo,” akasema kwa upole. “Mimi nimetumwa tu.”

Akavua kofia, akabaki ameishika.

“Mwanangu,” Mama Tryphena aliniuliza bila kufungua meno, “umeshapiga?”

Kanda ilikuwa ikizunguka tangu mwanzo. Nikaikaza kamera begani.

“Bado, mama. Msitikisike.”